Maua ya Geti na Asali ya Wakwe

Shemeji yangu alianza kupenda nyuki siku zile zile alipoanza kupenda afya. Kabla ya hapo alikuwa akija kwangu Murera mara moja moja, anakaa ndani ya gari vioo vimefungwa, ananipigia simu nimpelekee maparachichi barabarani kwa sababu nyuki, alisema, hawamjui. Yeye ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Anaishi Kahawa Sukari, katika nyumba yenye vigae kila mahali hadi ukuta wa nje, na kampuni ya bima ilipomstaafisha mapema akagundua kwamba ana magoti, ana ini, na ana majirani wenye hofu kama zake. Wakaanzisha kikundi cha kutembea asubuhi. Wanatembea hadi kwenye kibanda cha uji, wanakunywa uji, wanarudi kwa gari la mmoja wao.

Ni katika kikundi hicho aliposikia habari za chavua, ule unga wa maua ambao nyuki hubeba miguuni. Mtu alikuja na kichupa kutoka ng'ambo, kimejaa punje za manjano, akawaambia kwamba ukila kijiko kimoja kila asubuhi damu inasafika, macho yanaona mbali, na mambo mengine ya chumbani ambayo wanaume walicheka bila kuuliza swali. Shemeji akakigeuza kile kichupa, akakisoma mbele na nyuma, akakumbuka kwamba mjane wa ndugu yake ana mizinga. Alifika kwangu siku hiyo hiyo, na kwa mara ya kwanza akashuka garini.

Mizinga hiyo aliiweka mume wangu nyuma ya nyumba, chini ya miti, upande uliotazamana na shamba kubwa la kahawa. Mgongo wangu ulipokataa kazi ya kiwanda cha matunda kule Eneo la Viwanda Thika, nikarudi nyumbani, naye akanifundisha. Alipofariki nikaendelea. Sijiiti mtaalamu. Lakini ukikaa na mtu muda mrefu unajua lini amenuna na lini unaweza kumwomba kitu, na nyuki ni hivyo hivyo.

Chavua tulikuwa tunavuna pia, kidogo, ya kuweka kwenye uji. Mtego wake ni kisanduku cha mbao unachokifunga mlangoni mwa mzinga. Kina wavu wenye matundu madogo, nyuki anapita kwa kubanwa, na anapobanwa vile vidonge vya chavua vinakwanguka miguuni na kuanguka kwenye droo. Anaingia kwake mikono mitupu. Ukitazama vizuri ni wizi wa mchana, ndiyo maana una adabu zake. Unangoja mvua inyeshe, kahawa itoe maua meupe, mahindi yachanue. Unakaa kando ya mzinga unatazama miguu. Wakirudi na mizigo minene ya kila rangi, na ukifungua ukakuta wamejaa hadi masega hayaonekani, hapo unaweza kuweka mtego. Unauweka asubuhi umande ukikauka, jioni unautoa na kuimwaga droo, kwa sababu chavua ikilala na unyevu inaota ukungu. Siku inayofuata unawaachia mlango wazi wapeleke chao nyumbani. Chavua si mapambo, ndiyo chakula cha watoto wao. Mume wangu alikuwa akisema asali ni ugali wa nyuki na chavua ni maharagwe yao, na hakuna mtoto anayekua kwa ugali mtupu. Mvua ikikatika, mtego unarudi stoo.

Nilimweleza shemeji yote hayo tukiwa tumesimama pale nyuma. Alisikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa, kama watu wanavyosikiliza matangazo ya kanisani wakiwa na njaa. Nilipomaliza akauliza kama inawezekana kuvuna kila siku.

Ilikuwa Februari. Vumbi la Murera lilikuwa limepanda hadi kwenye majani ya juu kabisa, na nyuki walikuwa wakirudi na vidoti tu miguuni, wengine bila chochote. Nikamwambia arudi mvua ikinyesha. Akasema wateja hawangoji mvua. Hapo ndipo nilipojua kwamba tayari ana wateja.

Ningemfukuza. Nina mdomo wa kutosha kwa kazi hiyo, na kwetu wanajua. Lakini wakati ule nilikuwa nimefungwa mikono, na kamba alikuwa ameishika yeye.

Mwanangu, ambaye ni fundi wa umeme Thika na ni mmoja tu, alikuwa amepata msichana. Watu wa msichana wanatoka upande wa Gatanga na ni watu wa mila hasa. Tulikuwa tumeshaenda kujitambulisha, tukapokelewa vizuri, na katika mazungumzo mtu wa kwetu akajigamba kwamba sisi tunafuga nyuki. Nyanya yake msichana, shosho kama tunavyoita kwetu, alikuwa kwenye kiti chake amefumba macho, sote tukidhani amesinzia. Akayafumbua. Akasema kwamba mbuzi tutazungumza, mablanketi tutazungumza, lakini asali ya mahari itoke kwenye mizinga yetu wenyewe, isiwe ya duka. Wazee wakakubali. Siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, ikawekwa baada ya Pasaka.

Sasa, kijana asiye na baba anasemewa na baba yake mdogo. Mama wa bwana harusi hukaa na wanawake wenzake, anatabasamu, anaonja supu, hasemi mbele ya meza ya wazee. Kwa hiyo ulimi ambao ungemwombea mwanangu mke ulikuwa ndani ya mdomo ule ule uliokuwa ukilamba chavua. Na asali yenyewe ilikuwa bado ndani ya mizinga. Nilikuwa nimeiacha makusudi, kwa kuwa kiangazi nyuki wanaihitaji, nikipanga kurina fungu letu siku za mwisho ili ifike Gatanga ingali mbichi na masega yake.

Shemeji akarudi baada ya siku chache, ana uso wa mtu aliyebeba habari njema.

"Shemeji, ulinidanganya," akasema. "Maua yamejaa. Si umeyaona pale kwa geti?"

Lazima niseme kuhusu hilo geti. Lile shamba la kahawa lililokuwa likituonyesha majira liling'olewa lote miaka michache iliyopita. Trekta lilikuja, likafuatwa na ukuta, na ukuta ukafuatwa na bango lenye picha ya familia isiyofanana na mtu yeyote wa Murera. Mahali hapo wakapaita kwa Kizungu bustani ya kahawa, baada ya kuhakikisha hakuna mche mmoja wa kahawa uliobaki. Getini wakapanda bogenvilia, ile ya zambarau, ikapanda ukuta mzima. Na bogenvilia ina tabia yake: jua likiwaka na maji yakikosekana ndipo inapojipamba zaidi. Kila kitu kingine kikifa yenyewe inavaa nguo za harusi. Nyuki wangu walikuwa wakipita juu yake bila hata kupunguza mwendo.

Nikamwambia hivyo. Akacheka.

"Maua ni maua, shemeji."

Nikasema hapana, mara ya pili na ya tatu. Naye akafuta jasho, akatazama upande wa mizinga, akasema kwa utaratibu kwamba familia ni kusaidiana, na kwamba mimi nikumbuke ni nani atakayesimama Gatanga kumsemea kijana. Alisema huku akitabasamu. Nilielewa vizuri sana, na bado nikasema hapana.

Wiki hiyo dada yangu wa Ruiru alifanyiwa upasuaji, nikaenda kumwangalia. Mwanangu alikuwa zamu za usiku, mchana analala. Shemeji akajitolea kuwa anapita kuangalia nyumba. Mtu wa bima, nilifikiri, angalau kuangalia nyumba anajua.

Niliporudi nilikuta kila mzinga una mtego mlangoni. Alikuwa ameifungua stoo, akachukua wa kwetu, na mingine akamtengenezesha seremala kwa kupima kwa macho. Nyuki walikuwa wamejazana nje ya milango, wanasukumana, wakining'inia chini kama ndevu. Mitego haikuwa imetolewa tangu iwekwe. Ndani ya droo hamkuwa hata na chavua ya maana, ilikuwa vumbi, mabawa yaliyovunjika, na madume waliokwama wakafia hapo. Nikaing'oa yote kwa mikono yangu bila kofia wala moshi, na sikumbuki kama niliumwa.

Nikafungua mzinga wa kwanza, ule wenye nguvu kuliko yote. Mahali pa watoto palikuwa patupu. Wakati hakuna maharagwe nyuki hawazai, na waliokwisha kuzaliwa huwatoa nje. Walikuwa chini ya mzinga, weupe, wamekauka, sisimizi wanawabeba. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, na si kwa sababu ya mahari.

Nyuki wa kwetu hawana uvumilivu wa ndoa za Kikristo. Ukiwatesa, wanahama. Siku chache baadaye, adhuhuri, nilisikia mvumo, nikatoka, nikawaona wanazunguka juu ya miti, mzinga baada ya mzinga, kisha wakaelekea upande wa mto, na pakawa kimya. Nilipoinua masega yalikuwa mepesi mkononi. Nyuki anayehama hujaza tumbo kwanza. Walikuwa wameilamba asali yote, hadi pembeni, hawakuacha ya kupaka kwenye kidole. Hata mimi ningefanya hivyo.

Mwanangu aliamka akanikuta nimeshika sega kavu. Akalichukua, akalipima mkononi.

"Mama, sasa shosho wa watu tutamwambia nini?"

Nikamwambia tuseme ukweli, tuombe siku isogezwe. Yeye alikubali. Baba yake mdogo alikataa katakata. Alisema mwanamume hapigi simu kuomba siku isogezwe kwa sababu ya wadudu. Alisema pia kwamba nyuki wale walikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba asali ni asali. Mtu ambaye kwake maua ni maua, utamwambia nini?

Wakati huo huo Kahawa Sukari ile chavua kidogo aliyoichukua kwenye droo siku za kwanza ilikuwa imeshagawanywa kwenye vichupa vyenye stika ya nyuki anayetabasamu na maneno "Chavua Halisi ya Maua ya Kahawa". Aliifunga ikiwa na unyevu. Ikaota ukungu wa kijani, na mzee mmoja wa kikundi akakesha chooni akisafika damu. Wakahamia kwenye mbegu za maboga. Hawakukasirika sana, kwa sababu hata kwenye mbegu za maboga shemeji ndiye aliyekuwa akiwaletea.

Siku ya ruracio ikafika. Shemeji alikuwa amenunua asali ya supamaketi Thika, ile isiyoganda wala kunuka chochote. Aliniomba kibuyu cha mume wangu akaitie humo, nikamnyima. Basi akanunua kingine kwa wale wanaouzia watalii vinyago, kimechorwa twiga. Nilimwambia kwamba hakuna twiga Murera. Akasema ni sanaa.

Tulipokelewa Gatanga kwa nyimbo, tukaimbiwa langoni hadi miguu ikauma, tukaingia. Wanaume wakakaa upande wao, mimi nikakaa na wanawake. Msichana alikuwa chumba cha ndani na wenzake, nyuma ya pazia, akingoja kuitwa. Mwanangu alikuwa amevaa suti mpya na macho yake hayakutoka kwenye lile pazia.

Sitamnyima shemeji haki yake: anajua kusema. Alisimama, akarekebisha koti, akawaambia wazee kwamba wahenga walisema fuata nyuki ule asali, na kwamba sisi tumewafuata nyuki wetu hadi wametuleta kwenye boma hili lenye ua zuri. Watu wakapiga makofi. Kisha akakiweka kibuyu mbele ya nyanya kwa mikono miwili.

Nyanya akamtazama yule twiga. Akatoa kizibo, akanusa, akachovya kidole, akalamba. Kidole cha pili hakuchovya.

"Nyuki wenu walikuwa wanakula nini?" akauliza.

"Maua, shosho," shemeji akajibu bila kusita. "Bogenvilia. Kwetu iko nyingi sana, inachanua mpaka kiangazi."

Pale Gatanga kila boma lina bogenvilia, na nyuma ya nyumba nyingi kuna mzinga. Mwanamke aliyekaa karibu nami alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Mwingine hakujali kujifunika. Kicheko kikapita kwa wanawake, kikaingia kwa wanaume, na shemeji naye akacheka pamoja nao kwa sababu alidhani amesema jambo zuri.

Nyanya hakucheka. Alirudisha kizibo, akakisukuma kibuyu kando kwa mguu, akasema mbuzi walioletwa wamepokelewa, chakula kiko tayari, na watu wa Murera watarudi siku watakapokuwa na asali ya kwao. Msichana atangoja. Hakupandisha sauti. Mkono mtupu haulambwi, akaongeza, na uliopakwa sukari ya duka pia.

Pazia halikufunguliwa. Mwanangu alikula kwa sababu kutokula ni matusi, lakini nilimwona akitafuna kama anayetafuna karatasi. Niliona uchungu ambao sikuwa nimeuona tangu tuzike baba yake, na nikaona haya pia, haya ya kukaa na wanawake nikitabasamu. Njiani kurudi shemeji alilalamika hadi Thika kuhusu watu wasiotaka maendeleo.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Nilisafisha mizinga, nikaipaka nta ndani na kuisugua kwa mchaichai, nikangoja. Mwanangu akawa anapitia pale nyuma kila akitoka zamu, kabla hata ya kunywa chai. Mizinga mingine ilipata buibui. Mmoja, Mungu ni mwema, ukapata wageni. Walikuwa kundi dogo lenye hasira, lakini wakakubali kukaa.

Mashamba yakachanua. Ya kahawa ilikuwa imebaki miche michache nyuma ya kanisa, lakini mahindi yalikuwepo, na maparachichi, na magugu ya kila aina ambayo watu wenye ukuta huyaita uchafu. Nyuki wakawa wanarudi na mizigo ya manjano, ya chungwa, mingine ya kijivu ambayo mpaka leo sijajua wanaitoa mti gani. Bogenvilia ya geti ilikuwa imenyong'onyea kwenye matope, majani matupu.

Shemeji akaja. Alisimama mbali, akakodoa macho kwenye mlango wa mzinga kwa muda, na kwa mara ya kwanza akasema jambo la kweli kuhusu nyuki.

"Shemeji, naona miguu yao imejaa. Sasa si ndiyo wakati?"

Nikamwambia ndiyo, huu ndio wakati wenyewe, hajakosea. Akang'aa uso. Kisha nikamwambia kundi geni linalolea halitegwi hata mvua ikinyesha maua kutoka mbinguni, na kwamba ufunguo wa stoo umepotea. Ulikuwa shingoni mwangu, unaning'inia juu ya blauzi. Aliutazama, akatazama pembeni, akaniuliza kama kuna maparachichi.

Baridi ya Julai ikapita na ukungu wake. Nikarina kidogo tu, nusu nikawaachia wenyewe. Iliyopatikana ilijaza kibuyu cha mume wangu, kile cheusi kwa umri, na ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Tukarudi Gatanga. Mila ni mila, msemaji alikuwa yule yule.

Shemeji akasimama, akarekebisha koti. Akawaambia wazee kwamba sisi ni watu wa nyuki tangu zamani, na kwamba katika kazi hii jambo la kwanza ni subira, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikauma ulimi hadi nikaonja chumvi. Akakiweka kibuyu mbele ya nyanya kwa mikono miwili.

Nyanya akatoa kizibo, akanusa, akafumba macho. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Wengine walikuwa tayari wameweka leso karibu na mdomo, wakingoja.

"Na hawa," akauliza, "walikuwa wanakula nini?"

Shemeji akageuka, mbele ya wazee wote, akanitafuta kwa macho upande wa wanawake. Mwanangu naye akanitazama. Mama wa bwana harusi hasemi mbele ya meza, najua, nimelelewa humo. Nikasimama.

"Walikula chao kwanza, shosho. Hiki ndicho kilichobaki."

Nyanya akakifunga kibuyu, akakiweka chini ya kiti chake mahali ambapo hakuna mwingine angekifikia, akasema msichana aitwe.